Hodi kwenye Boti Isiyo na Mtu

Kumepambazuka sasa hivi. Kijana mmoja amesimama kwenye gati, bunda la funguo kiunoni, anabisha hodi kwenye boti isiyo na mtu.

"Hodi humo ndani!"

Hakuna anayejibu. Anafungua kufuli, anausukuma mlango mpaka mwisho, anakunja turubai la nyuma, anafungua madirisha yote. Halafu haharakishi kuingia. Anarudi gatini, anapindua ndoo na kuikalia.

"Tajiri, umekaribishwa au bado?" anauliza mwanamke wa boti ya jirani, brashi mkononi.

"Bado, Mama Rangi. Mwenyeji anavaa."

Wanacheka wote wawili. Asubuhi nyingi huanza hivyo hapo bandarini, na mgeni anayepita hudhani kijana ana walakini kichwani. Hana. Hodi hiyo ina sababu yake.

Jina la Tajiri ni la utani. Kirefu chake ni Tajiri wa Funguo, maana anashika funguo za vyumba vyenye vitanda laini kuliko chake. Boti ni ya mtu. Yeye ni mtunzaji: anaosha, anakaza kamba, anazamia kukwangua magamba yanayojibandika chini, na mwenye mali akija anasogea pembeni.

Tajiri ni mwanangu, kifungua mimba. Mimi shule yangu iliishia ya msingi na sijazoea kuandikia magazeti. Lakini vijana wetu wengi wanalinda boti, wanalala kwenye vibanda vyenye jenereta, na mama zao hawajui ninachokijua. Afadhali kalamu yangu ichekwe kuliko ninyamaze.

Wakati ule wa korona, mwenye boti alikuwa amesafiri kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Hakupanga kukaa. Mara mipaka ikafungwa, ndege zikasimama, akakwama hukohuko. Akapiga simu.

"Kijana wangu, boti nimekuachia wewe na Mungu."

"Mungu siku hizi ana kazi nyingi, bosi," Tajiri akamjibu. "Hii niachie mimi."

Nilimkemea kwa maneno hayo, ingawa nilicheka nikiwa jikoni. Wenzake waliokuwa wakipakia wageni walikuwa wamerudishwa nyumbani mikono mitupu. Mwanangu alibaki na nusu mshahara, na nyumba nzima tulikula kwa nusu hiyo. Hatukuwa na la kumwambia Mungu ila asante.

Langoni ilifungwa kamba, mtu wa nje haingii. Ikabidi Tajiri ahamie botini, alale humo. Mimi nilipeleka chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, nikalikabidhi kwa mlinzi, nikampungia mwanangu mkono kutoka barabarani kama anayeaga msafiri.

Ila boti, hata ikifungwa kamba, haitulii. Maji hupenya kidogo kidogo tumboni mwake. Kuna pampu ya kuyatoa, na pampu inakula betri. Zamani gati lilikuwa na umeme wa kuchaji. Wenye boti walipoadimika, umeme ukakatwa. Dawa ikabaki moja: kuwasha injini mpaka betri ijae. Betri ikifa, boti inazama papo hapo ilipofungwa.

Kwa kawaida alikunja turubai la nyuma kabla ya kuwasha, moshi upate njia. Kisha mvua zikaanza.

"Mito ya ndani ni ya ngozi nyeupe," anasimulia Tajiri. "Kila Jumapili bosi ananipigia simu ya video, nimzungushe aone. Niliona aibu mito ilowe mikononi mwangu."

Basi akaliacha turubai limeshuka. Moshi ukatoka kwenye injini, ukakutana na turubai, ukarudi ndani. Naye amekaa humo humo, anasikiliza injini kama mzazi anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

Siku ya kwanza kichwa kilimgonga. Alipotoka kuosha boti, kikaacha. Alipowasha tena siku nyingine, kichwa kikaja pamoja na kichefuchefu. Akatoka, vikaisha. Mara ya tatu miguu ikalegea.

"Siku zile ukipiga chafya tu watu wanahama njia," anasema. "Redio inataja kichwa, inataja uchovu. Nikasema, basi, limenipata."

Hapo mwanangu akafanya jambo la mtu aliyelelewa vizuri, na ndilo nusura limuue. Akafunga mlango. Akafunga madirisha, asije akamwambukiza mlinzi. Akalala. Injini akaiacha ingurume, kwa kuwa betri ilikuwa haijajaa.

Akanipigia, akanisimulia kichwa kinavyomshika na kuacha akitoka nje. "Mama, leo usije. Chakula usilete. Nadhani limenipata."

Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburutana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilitoka nyumbani na kanga ya kushindia, barakoa nimeikunja mkononi, mvua inanipiga.

Mlinzi akanyoosha mkono. "Mama, amri ni amri. Na kama anaumwa ndiyo kabisa."

"Baba, nimtazame kwa mbali tu."

"Kwa mbali ndiyo hapa ulipo, mama yangu."

Mama Rangi alikuwa kwenye kibanda chake karibu na lango, anangoja mvua ipungue. Yeye kazi yake ni kupaka boti rangi. Akauliza kwa sauti, "Tajiri anaumwa nini?"

"Kichwa! Kilimshika juzi, akitoka kuosha boti kinaacha. Leo kimemlaza."

Akasimama. "Kinaacha akitoka nje?"

"Ndivyo alivyoniambia."

"Na injini ile inanguruma tangu asubuhi, turubai chini. Mama wee! Hiyo si korona, huo ni moshi!"

Mimi bado nashangaa, yeye keshakimbia. Baadaye alinieleza kwamba aliwahi kupaka rangi ndani ya chumba cha boti kilichofungwa, wakamtoa kwa kumbeba. Kichwa cha homa anakijua, na kichwa cha hewa mbaya anakijua.

Mlinzi akatazama gatini, akanitazama mimi. Kisha akaishusha ile kamba kwa mkono wake mwenyewe. "Pita, mama. Twende."

Mama Rangi alilipasua turubai kwa kisu chake cha kukwangulia, akavuta mlango, akazima injini. Tajiri alikuwa sakafuni, macho nusu wazi, asimtambue mtu. Mlinzi alimshika makwapani, akamburuta hadi gatini kwenye mvua. Hakuna aliyekumbuka umbali wala barakoa. Nilimpiga makofi mashavuni nikimwita jina la utotoni, mpaka akavuta pumzi ndefu na kutapika. Sijawahi kufurahia matapishi kama siku ile.

Hospitali walimwekea oksijeni. Wakampima korona, hana.

"Mama," muuguzi aliniambia, "ndani ya moshi wa injini kuna sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiumwa kichwa penye injini, kwanza atoke nje. Maswali yafuate baadaye."

Bosi alipopigiwa simu, mwanangu alianza kuomba radhi: turubai limechanika, mito imelowa.

"Mito nitanunua," bosi akamkatisha. "Wewe nitakununua wapi?"

Mipaka ilipofunguliwa, alirudi na kidude kinachopiga kelele hewa ikiharibika. Kinaning'inia juu ya kitanda mpaka leo. Mlinzi yule ananiita dada, na Mama Rangi hana siku ya kulala njaa mimi nikiwa hai.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Mtoto wako akilala palipo na injini, jenereta au jiko la mkaa, usimuulize tu kama amekula. Muulize moshi unapitia wapi kwenda nje. Akikwambia kichwa kinamuuma ndani na kinaacha nje, usimtafutie kidonge. Mtoe.

Tajiri sasa anajifunza ufundi wa injini, na anataka siku moja awe na karakana yake hapo hapo bandarini. "Yenye kuta mbili tu," anasema. "Hizo nyingine nawaachia upepo." Kwa sasa kila mtunzaji mpya anayekuja anafundishwa naye jambo moja kabla hajaoneshwa kamba wala ndoo: kufungua kila kitu, kubisha hodi, kukaa nje, kungoja.

Asubuhi hii pazia la dirishani linatikisika. Upepo umeingia kwa mlango, umezunguka vyumba, unatokea upande wa pili.

"Karibu!" anaitikia Mama Rangi kutoka boti ya jirani.

Tajiri anasimama, anavua viatu, anaingia kazini.