Sikio la Bi Mize

Zamani, lori la mananasi likiingia kiwandani Kiwangwa, wakulima walimtafuta kwanza Bi Mize. Nanasi halikupimwa mpaka aligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia zito, limeiva. Likilia wazi kama debe, rudi nalo kwako, hata liwe na manjano ya kupendeza. Kazi hiyo alifundishwa na Bi Shamsia, mpokeaji aliyemtangulia, aliyemfunga macho kwa mtandio na kumwambia, "Mwanangu, jicho hudanganywa na dawa ya kuivisha. Sikio halidanganyiki."

Miaka kumi na tisa pale getini, chai ya tangawizi mkononi, matani na wakulima hayaishi.

"Bi Mize, na mumeo ulimgonga kwanza?"

"Nilimgonga baadaye. Akalia debe, nikamrudisha kwao."

Mwaka huu akaja meneja mpya, Feisal, akabandika tangazo: mpokeaji wa matunda awe mwanamume, asizidi miaka thelathini na mitano. Bi Mize ana hamsini na sita.

"Mama, wewe utakwenda kuosha matunda, ndiko waliko akina mama wenzio. Ila mfundishe Najim, mpokeaji mpya, wiki hii."

"Kwa bei gani?"

"Kufundisha tu, Mama."

"Hapa hata nanasi halitolewi bure, mwanangu, sembuse sikio."

Basi Najim akaanza bila mwalimu. Lori la kwanza alilipokea kwa rangi. Kwenye meza za kumenyea, ndani kukawa kweupe, kugumu, kukali kama ndimu. Lori zima likamwagwa. Feisal akaja hadi kwenye karo, alikokuwa Bi Mize akiosha matunda, na siku hiyo ndipo alipokumbuka adabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema shida."

"Rudi getini."

Nusura akubali hapo hapo, maana moyo wake haukuwahi kuhama. Lakini akamkumbuka Bi Shamsia, aliyeagwa kwa doti moja ya khanga eti amezeeka, na masikio yake mazima. Yeye Mize alifurahia nafasi, hakuuliza neno.

"Nataka barua. Itaje kazi, isitaje umri. Mshahara ule ule uliompangia Najim. Na tangazo lako ulibandue mwenyewe, nikiona."

Feisal akaiandika barua, kisha akaenda kulibandua tangazo. Gundi ilikuwa nzuri. Karatasi ikatoka vipande vipande. Bi Mize akakausha mikono, akalifuata lori lililokuwa likisubiri, akagonga nanasi la kwanza. Likalia zito. Kwa masikio yale, Bi Shamsia angelisikia hata akiwa barabarani.