Mdogo Wangu Juu ya Mzigo wa Chumvi

Kabla ya kumpakia mdogo wangu kwenye baiskeli nilimpima kwa mikono, kama ninavyopima kila mzigo. Nilimwinua kutoka kwenye mkeka, nikamshusha, nikamwinua tena. Alikuwa mwepesi kuliko bidoni ya mafuta ya mawese. Yeye alidhani ni mchezo, akacheka.

Papa mmoja, mzee wa mtaa wetu, huko Mangobo, alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Ni yeye aliyenifundisha kazi ya kusukuma baiskeli, na safari hiyo tulipanga kuifanya pamoja.

"Bon, unafikiri njia itakuwa raisi sababu mutoto iko mwepesi?" aliniuliza. "Baiskeli ya mzigo mudogo inaruka kama mbuzi. Utafika Banalia na meno yake ndani ya mufuko. Weka chumvi, mwana. Weka chumvi mingi chini, yeye akae juu."

Ni kweli, sikuwa nimewaza hivyo. Nilitaka kumpeleka peke yake, bila bidhaa, ili safari ile isifanane na safari za kazi. Lakini baiskeli zetu si za kupanda. Tunaondoa pedali na mnyororo, tunafunga fimbo ndefu ya kuongozea kwenye usukani, na nyingine ya kusukumia tunaisimamisha nyuma ya kiti, halafu tunatembea kando yake hadi mwisho wa safari. Baiskeli kama hiyo imezoea uzito. Ikikosa uzito, kila shimo inalirudisha kwa mtu aliyekaa juu. Basi nikanunua magunia ya chumvi, nikayalaza pande zote mbili, chini kabisa karibu na magurudumu.

Niliacha shule mwaka ambao baba alifariki, nikaanza kazi hii. Tunapanda na chumvi, sabuni na vitenge hadi Banalia, kando ya mto Aruwimi, na ng'ambo yake, tunashuka na mafuta, mchele na karanga. Baadaye mama naye alitutoka. Tulibaki wanne: mimi, wadogo wangu wawili wa kiume waliokuwa wakisoma, na huyu msichana wa mwisho ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo yanaanza kung'oka. Mwisho wa matanga watu wa familia walitaka kutugawa, kila mmoja kwa tonton wake, mjomba au baba mdogo. Nilikataa. Nilisema nyumba haitafungwa nikiwa hai, na mpaka leo haijafungwa.

Kilichonishinda hakikuwa watu wa familia. Kilikuwa chakula. Kila niliposafiri, mdogo wangu aliacha kula. Alichukua sahani yake, akaifunika kwa sahani nyingine, akasema atakula yaya, yaani mimi mkubwa wake, akirudi. Kaka zake walimbembeleza, wakamtisha, wakajaribu kumlisha kwa nguvu, akatapika. Mama jirani yetu, Mwislamu aliyetoka Maniema, alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa, na hata huo aliumeza kidogo tu. Siku moja nilirudi nikamkuta amelala mchana, miguu imekuwa myembamba, na jirani akanivuta pembeni.

"Mutoto yako anafunga kama Ramadani," aliniambia. "Lakini sisi tunafungua magaribi. Yeye hafungue. Utakuja siku moja umukose."

Siku mama alipopelekwa hospitali, alituagiza tule, atarudi. Tulikula, hatukumngojea, naye hakurudi. Labda mtoto alikuwa na hesabu yake juu ya jambo hilo. Sikumuuliza. Mtoto wa umri ule ungemuuliza namna gani?

Nilijaribu kubaki mjini. Nilisukuma maji, nilibeba matofali, nilikaa sokoni na mkokoteni. Tulikula sote, naye akanenepa, lakini kilichopatikana hakikutosha shule ya wawili wale, na muhula ulipoanza walifukuzwa. Nikarudi barabarani, naye akarudia kufunika sahani. Ndipo nyanya yetu, mama yake baba, aliyekaa ng'ambo ya mto Aruwimi, akatuma neno kwa wasukumaji: "Mwambieni anilete huyo mutoto. Mimi siende popote." Hakuongeza kitu. Neno hilo la mwisho ndilo lililonishinda, maana mimi kazi yangu ni kwenda.

Basi nikamwandalia njia. Juu ya chumvi nilifunga kipande cha godoro la mama, na nyuma yake nikasuka kiegemeo cha kekele, ule mtambaazi mgumu wa msituni tunaotengenezea viti. Kitenge cha mama nilikiweka cha kumfungia kifuani akisinzia, maana usingizi wa juu ya mzigo huangusha hata mtu mzima. Mpira wa ndani uliozeeka niliukata vipande virefu, kwa sababu barabarani huo ndio kamba, ndio bendeji, ndio msumari. Nilikata kipande cha tairi cha kukanyagia gurudumu la nyuma kwenye mteremko, kwani breki nyingine hatuna. Nilichukua kwanga, mikate ya muhogo, zilizofungwa vizuri kwa majani, samaki wa chumvi, maji yaliyochemshwa, dawa ya homa, chandarua, na plastiki kubwa ya mvua. Wadogo zangu wa kiume nilimkabidhi mama jirani. Yule mkubwa wao alimshika dada yake mkono mpaka barabara kuu, halafu akageuka akaenda shule bila kuangalia nyuma.

Tulivuka daraja la Tshopo asubuhi, maji yakinguruma chini yetu. Mdogo wangu alifurahi. Sikuwa nimemficha kitu. Nilimwambia anakwenda kukaa kwa koko, nyanya yetu. Lakini kwa mtoto neno kukaa liko mbali, na baiskeli iko karibu. Alipungia mkono kila mtu.

Akina mama waliouza ndizi kando ya njia walitutania. "Yaya, chumvi yako inasema! Unauzisha bei gani chumvi ya kusema?"

"Mimi siko chumvi!" mdogo wangu aliwajibu kutoka juu. "Mimi iko patron yake!"

"Patron gani hana meno?"

"Meno inakuja!"

Papa alicheka hadi akasimamisha baiskeli yake. Tangu hapo alimwita Patron, yaani bosi. Kwenye vilima alimwomba ruhusa: "Patron, tupande?" Tulipanda kwa namna ya wasukumaji: watu wawili wanasukuma baiskeli moja hadi juu, wanaiegemeza kwenye fimbo, wanashuka kuchukua ya pili. Ya kwanza siku zote ilikuwa ya mdogo wangu. Tulimwacha kileleni alinde mzigo, nasi tukishuka tulimsikia akiimba ili tujue yupo.

Naye alikula. Kila tulipopumzika alikula kwanga na samaki, akalamba vidole, akaomba tena. Nilimtazama akitafuna, moyo ukaniuma. Barabarani, kwenye vumbi, chini ya plastiki, alikula kuliko alivyowahi kula nyumbani, kwa kuwa nilikuwa mbele yake.

Tulipita Bengamisa. Mbele kidogo mvua ilikuwa imekata barabara, malori yamechimba madimbwi yanayomfika mtu kiunoni. Nilimshusha mdogo wangu, nikambeba mgongoni kuvusha, kisha nikarudi kusukuma baiskeli. Katikati ya dimbwi nilisikia mlio kama wa kuni kavu. Uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele ulikuwa umevunjika upande mmoja.

Tulivuta kila kitu hadi pakavu. Papa alichuchumaa, akagusa chuma, akaniangalia kwa muda.

"Hii ni sababu nzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Tuko karibu na muji kuliko Banalia. Mimi nabeba chumvi yako kidogo, ingine tunaacha kwa watu wa hapa. Rudi naye. Hakuna mutu atakuuliza. Hata koko yenu hatauliza. Baiskeli imevunjika, ni yote."

Niliingia msituni nikakata vijiti viwili vigumu, nikavichonga, nikaviweka pande mbili za chuma kilichovunjika, kama mtu anavyofunga mguu wa mgonjwa. Nilianza kuzungusha mpira kutoka chini, nikiuvuta kwa nguvu zote, kila mzunguko juu ya mwingine. Mdogo wangu alikuja akashika ncha ili isifunguke. Alisikia maneno ya papa, nadhani, kwa sababu baada ya muda aliuliza:

"Yaya, ikibaki hivi, tunarudia nyumbani?"

"Ndiyo."

"Alors, sababu gani unaitengeneza?"

"Shika muzuri," nilimwambia.

Alishika vizuri. Tulimaliza, nikaikanyaga baiskeli, nikaitikisa, ikashika. Papa alisimama akafunga mzigo wake. Nimetengeneza baiskeli nyingi tangu hapo, zangu na za wengine, na watu husifu kazi yangu. Ile ndiyo niliyoitengeneza vizuri kuliko zote. Ilifika Banalia na kurudi mjini bila kulegea.

Mtoni kivuko kilikuwa kimelala kwa kukosa mafuta ya injini. Tulivuka kwa mtumbwi, baiskeli imelazwa katikati, mdogo wangu ameketi juu ya gunia, ameshika shati langu. Papa alibaki Banalia kuuza. Alimwambia, "Patron, kwa heri," na mdogo wangu akamjibu, "Kwa heri, papa, kesho." Alifikiri kuna kesho ya pamoja.

Nyanya yetu alitungojea mbele ya nyumba yake ya udongo. Ni mwanamke mkavu, mrefu, hana maneno mengi. Hakulia wala hakupiga kelele za furaha. Alimshusha mjukuu wake, akampapasa mbavu, akanung'unika, akaenda jikoni.

Usiku huo wanawake wa jirani walinishauri niondoke alfajiri, mtoto angali amelala. Ndivyo wafanyavyo wote, walisema. Akiamka analia, anachoka, ananyamaza. Nyanya aliwasikiliza, akageukia kwangu: "Na wewe unasema nini?" Nilisema nitaondoka jua likiwa juu, akiniona.

Mama aliondoka akiwa amefunikwa shuka, kabebwa. Sikutaka huyu mtoto awe na mtu mwingine ambaye hakumwona akienda.

Asubuhi nilipakia karanga. Alisimama kando yangu akiangalia kila kamba. Nilipochuchumaa nikamwambia nakwenda, nitarudi, lakini yeye anabaki, hakulia. Aliniuliza kama nitakula njiani. Nilisema nitakula. Aliuliza nani atanipikia. Nilisema nitanunua. Kisha aligeuka akaingia ndani ya nyumba kabla mimi sijaanza kusukuma, na nyanya akanipungia mkono wa kuniambia nenda, nenda, usisimame.

Ng'ambo ile mtandao wa simu haukufika. Habari zililetwa na wasukumaji. Kila niliyekutana naye akishuka kutoka kaskazini nilimsimamisha kabla hata ya salamu kuisha. Wa kwanza aliniambia mtoto anakaa mlangoni, anaangalia njia. Wa pili hakumwona. Wa tatu alisema alimsikia nyanya akifoka jikoni na hakujua kwa nini. Nilirudi nyumbani na habari hizo, na ndugu zangu wa kiume waliponiuliza nilisema yuko salama. Sahani yake ilikuwa rafuni. Hakuna aliyeitumia, wala hakuna aliyesema isitumike.

Halafu mvua kubwa zilianza, barabara ikafungika, nikakaa muda mrefu bila habari. Nililala vibaya. Nilijiona nimempeleka mbali ili afe mbali.

Njia ilipofunguka nilipanda na mzigo wa sabuni, nikampelekea na gauni na viatu. Nilipotokea kwenye njia ya nyumba ya nyanya nilimwona mtoto anafagia uwanja. Alikuwa na mashavu. Meno ya mbele yameota, makubwa. Alinitambua mara moja, akaweka ufagio chini, lakini hakukimbia. Aliingia ndani akatoka na kiti kifupi, akakiweka kivulini, akasema, "Karibu, yaya." Kisha akaleta maji kwenye bakuli, akanimwagia mikononi, macho chini, kama wasichana wanavyofundishwa kumpokea mgeni.

Nyanya alinipa habari za shamba na za wagonjwa. Mtoto alileta lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki, akaiweka mbele yangu, sahani moja.

"Na yako?" nilimuuliza.

"Mimi nilishakula, yaya. Sisi tunakulaka mapema."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni aliyechelewa. Nyanya aliangalia upande mwingine. Nilikuwa nimesukuma njia yote ile, nikakaa mvua nzima bila usingizi, nikiomba kusikia neno hilo na si lingine. Nilimwambia amefanya vizuri. Nikamega lituma, ilikuwa ya moto, nikaanza kula. Yeye akaketi chini karibu na kiti changu ili nisile peke yangu, akaniuliza kama barabara ilikuwa na matope mengi.