Anayeondoka Hufuatwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nanunua magauni ya jumla katika soko la nguo la Shisanhang, Guangzhou, China, kwa dada mmoja wa Kichina mwenye duka. Akikosa wateja alisoma vitabu vya katuni vya mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Siku moja nikamuuliza, kwa Kiingereza chetu cha sokoni, wanawake wanafuata nini humo. Akanionyesha ukurasa: mmoja kaondoka kwa hasira, mwenzake anamkimbilia kwenye mvua, miguu mitupu.

“Anayeondoka hufuatwa kila mara,” alisema. “Na wote ni wanaume, kwa hiyo hakuna mke wa kuambiwa avumilie.”

Upuuzi mtupu, nilimjibu. Lakini mchezo huo niliujua. Bei ikinishinda pale dukani, nilibeba mkoba nikatoka polepole, naye akaniita kabla sijavuka kizingiti.

Nyumbani Dar es Salaam, mume wangu aliponiambia ana mwanamke mwingine, nilitoka na sanduku kwa mwendo ule ule wa sokoni. Getini nikainama kurekebisha kiatu kisicho na tatizo, nikisubiri kuitwa. Nyuma yangu nikasikia komeo la mlango likifungwa.