Rizista Iliyokataliwa

Bodaboda wa Mara hashuki mlima pikipiki ikiunguruma. Mteremko ukianza anazima, anaacha uzito wa abiria na gunia lake ufanye kazi, petroli inabaki kwenye tangi. Nimekulia Nyamuswa na kaka yangu ni bodaboda, kwa hiyo hilo nalijua. Bosi wangu hakulijua, wala hakutaka kulijua.

Alikuwa na karakana ya pikipiki za umeme pale Buhare, pembeni mwa Musoma. Mimi ndiye niliyemsanifia kontrola, kile kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota. Ukifunga breki, mota inageuka jenereta, na kontrola inarudisha umeme huo kwenye betri. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na wapo waliolalamika.

Lakini dereva akizima swichi katikati ya mteremko, betri inakatika na umeme unakosa pa kwenda. Unaunguza kontrola, na gurudumu la nyuma linaweza kukaba ghafla. Nikaongeza rizista, koili nene kama ya jiko la umeme, iunguze umeme uliozidi. Bosi aliipima mkononi kama mtu anayenunua kitunguu.

"Hii inaongeza gharama tu," alisema. "Madereva tutawapa semina."

Semina ikafanyika Bunda, kwa soda na sambusa. Madereva walipoulizwa kama wameelewa, waliitikia "Ndiyo!" kwa sauti moja. Mazoea yana taabu, lakini nani wa kumwambia mtu mwenye semina yake?

Kaka alipewa pikipiki ya kwanza ya majaribio. Akishuka mteremko wa Butiama, mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Gurudumu likakaba, akarushwa. Mguu umevunjika vibaya, na daktari amesema pikipiki asahau. Hana kazi nyingine anayoijua, na ana watoto.

Bosi alikuja kumpa pole nyumbani Nyamuswa, na mfuko wa mchele. Kaka, akiwa amelala kwenye kochi, akaanza kuomba radhi yeye.

"Nisamehe bosi, kosa ni langu. Si tunazimaga tu, tumezoea. Mashine ya mdogo wangu haina shida."

Bosi akanitazama. "Unaona? Huyu ni muungwana."

Nilichukia. "Kaka, siyo kosa lako," nikasema. "Huyu nilimwambia tangu mwanzo, akakataa..."

"Nyamaza!" Kaka alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Mtu amekuja kuniona, we unamsema ndani ya nyumba yangu? Kwetu tunafanyaga hivyo? Nenda kapike chai."

Nikaenda. Nilipika chai ya maziwa, nikampelekea bosi kwanza, kwa magoti, kama mama alivyotulea. Akaonja, akaomba sukari kidogo. Nikamwongezea.