Ndara ya Mama na Masikio Yangu

Harufu ya kitunguu saumu kinachokaangwa kwa mafuta ya habasoda bado hunifanya nizibe masikio kwa viganja. Wenzangu wa kidato cha tatu hudhani nna wazimu. Sibishi.

Nilikuwa na miaka sita, tunakaa Mpendae, na mwaka ule nilipigwa kuliko ngoma ya harusi. Kwetu mtoto akiitwa huitika "Naam", tena hapo hapo. Mie siitiki. Masikio yalikuwa yakitoka usaha, Bibi ananibana kwa magoti na kunimiminia mafuta yake hayo ya kitunguu saumu, ya vuguvugu, ambayo naapa yangekaanga samaki. Siku moja nilimpasua mdomo kwa teke. Usaha ukikauka, wote huhesabu nimepona. Kumbe sauti zilinifikia kama za watu walio chini ya godoro.

Mama akiita mara mbili; ya tatu huita ndara ya mguuni mwake. Siku hiyo nilikuwa nachezea maji bombani, akanizaba kofi nikaangukia ndoo, pua ikamwaga damu.

"Jeuri weye. Wanifanya mwenzio?"

"Hukuniita," nikasema. Nikaongezwa mawili.

Damu haikukata, tukaenda hospitali. Daktari, mwanamama mpole, alitazama pua, akatazama na masikio, kisha akasimama nyuma yangu akaniita mara tatu. Sikugeuka. Mama ndiye aliyegeuka.

Yaliyofuata kanisimulia Mama mwenyewe.

"Ute umeganda nyuma ya ngoma ya sikio, bibie," alisema daktari. "Nkitoboa na kuunyonya tu, tundu litaziba upesi na ute utarudi. Bora ntie na kibomba kidogo, kikae miezi, hewa ipite. Na vinyama vya nyuma ya pua nviondoe."

"Hatokuwa kiziwi?"

"Tukimwacha, huenda."

Siku ya kupasuliwa nilimng'ata muuguzi mpaka akanitukania ukoo. Walinishika wanne. Nilipozinduka nikasikia mtoto analia kitanda cha pili. Nikageuka: hakuna mtoto, yupo Mama.

Tangu hapo hakunipiga. Nami, mtundu, nikageuza mchezo: akiita nasikia, nanyamaza. Huacha chungu jikoni, akaja mpaka nilipo, akanigusa bega na kunitazama usoni. Nilicheka kimoyomoyo miaka mingi, mpaka juzi, mkono ulipotua begani kisha ukapanda kunipapasa shavu lile lile alilolizaba kofi. Ndipo nilipojua ni nani kati yetu ambaye ile ndara haijaacha kumpiga.

Sasa hajamaliza hata kuliita jina langu.

"Naam, Mama."