Jerikeni za baba mkwe kwenye mlima usio na kijito

Wakuu, habari za leo.

Nimesoma nyuzi zenu za camping, watu na mahema ya kisasa na viti vya kukunja, nikaona niweke yangu. Haya yalinipata mwenyewe miaka ya themanini. Walioyaona bado wako kwetu Kikima, huko Mbooni. Anayetaka kubisha aende awaulize.

Nianze na yaliyosemwa juu yangu.

"Huyu hatapita Makindu." Hayo ni maneno ya baba mkwe wangu, Mzee Kilonzo, siku ya soko, mbele ya watu.

"Watu wazima walale nje kwa hiari? Kwani wamefukuzwa nyumbani?" Huyo ni Mwaitu Syokau, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu. Mwaitu kwetu ni mama, na huyu alikuwa mama wa kila mtu.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na diploma ya utalii. Karo nilijilipia kwa kuosha vyombo hotelini. Hakuna harambee iliyonipeleka. Huko nilikuwa nimeona watu kila summer wakipakia hema kwenye gari, wanazunguka mbuga za milimani, wanapika nje. Nikajiuliza, sisi tulio na vilima vya Chyulu na mbuga ya Tsavo hapa chini tunangoja nini?

Tena sikuwa naweza kutulia. Kila asubuhi nilikuwa nasimama nje nikiangalia vilima, chai inapoa mkononi.

Nikanunua gari kuukuu la four-wheel, nikalitengeneza kwa mikono yangu.

Mpango ulikuwa hivi. Likizo ya Agosti nichukue walimu wa kwetu, tushuke Makindu, tupande Chyulu, tuingie Tsavo, turudi kupitia Mtito Andei. Wakifurahi, wataambia wengine, na nina biashara. Wakirudi na malalamiko, Mzee Kilonzo alishasema: gari liuzwe, niende kutafuta ajira Nairobi, na mke wangu Ndunge arudi kwao mpaka nipate kazi ya maana.

Nilikubali mbele ya watu wote. Nilikuwa najijua.

Lakini gari lilikuwa limemaliza kila kitu, vifaa ilibidi niazime. Turubai nikapewa na kanisa. Blanketi nzito zilikuwa za Mwalimu Muthoka, ambaye alikuwa abiria pia. Sufuria kubwa ya harusi ilikuwa ya Mwaitu Syokau. Alikataa iende peke yake, akapanda nayo.

Jerikeni za maji zilitoka kwa Mzee Kilonzo mwenyewe. Akazijaza, akazifunga.

"Unajua kwetu mtu harudishi chombo bila kitu ndani," akaniambia.

Nilijua. Hata ukiazima kibuyu, unakirudisha na mahindi kidogo, ama utasemwa mpaka mwaka uishe.

Tukaondoka, Ndunge kando yangu. Makindu tulipita. Nilimpigia mzee honi ndefu hata kama hakuwepo kusikia.

Chini ya Chyulu gari likaanza kulia kwa uzito. Nikaangalia juu: kijani kitupu, na ukungu umekaa kileleni. Sasa mimi ni mtu wa Mbooni. Kwetu ukiona kilima kijani, shuka bondeni tu, utapata kijito. Nimekunywa hivyo tangu utoto. Nikaona ni ujinga kuupelekea mlima kama ule maji.

Nikamwaga jerikeni zote.

"Bwana Diploma, una uhakika?" akauliza Muthoka.

"Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Milima niachie."

Wakuu, kule Chyulu hakuna kijito hata kimoja! Ardhi ni jivu na mawe meusi ya volkano, mvua ikinyesha inazama yote. Nilishuka bonde moja, nikashuka lingine, nikarudi jioni na jerikeni zinagongana tupu.

Kwenye sufuria kulikuwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula kinachotaka maji mengi na moto wa saa nyingi. Mwaitu Syokau akaitikisa, ikalia kama kayamba.

"Kumbe sufuria yangu ilikuja kutembea," akasema.

"Hiyo diploma haikuwa na somo la maji?" Muthoka naye.

Ndunge alikuwa anakunja nguo zake pole pole, anazirudisha kwenye begi. Hiyo iliniuma kuliko maneno yote.

Kushuka hatungeweza. Ukungu ulikuwa umefunika njia, na msitu una nyati. Tukagawana chai iliyobaki kwenye thermos, kila mtu kifuniko kimoja.

Sikulala.

Alfajiri tone likaniangukia shingoni. Mvua hakuna. Likaanguka lingine. Nikainua macho: mti mzima ulikuwa unadondosha maji. Ukungu ulikuwa unashika majani na kugeuka matone.

"Amkeni! Leteni turubai!"

Tukalifunga kwenye miti, upande mmoja chini, sufuria ikae pale. Blanketi tukazitundika zilowe, kisha tukazikamua.

"Blanketi zangu!" Muthoka akalia.

"Mwalimu, una kiu au huna?"

Akakamua mwenyewe.

Siku hiyo tulipata maji ya chai tu. Asubuhi iliyofuata tulikuwa mafundi, muthokoi ukaiva, na jerikeni moja nikaijaza nikaifunga.

Mwaitu Syokau akaonja. "Unanuka turubai la kanisa," akasema. "Basi umeshabarikiwa." Watu wakacheka mpaka Ndunge akacheka.

Kule Tsavo, kwenye chemchemi za Mzima, maji yalikuwa yanabubujika kutoka kwenye mawe meusi yale yale. Nikawaeleza kwamba ndiyo mvua ya Chyulu, imepita chini kwa chini.

"Kumbe yalitutangulia huku," akasema Muthoka. Hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

Siku ya kurudisha vitu nilizunguka Kikima yote kichwa juu. Turubai lilirudi na kamba mpya. Blanketi zilirudi zimefuliwa. Sufuria ilirudi na asali ya Kibwezi ndani.

Mwisho nikaenda kwa Mzee Kilonzo, Ndunge nyuma yangu. Jerikeni nyingine zilikuwa na maharagwe. Ile moja akaitikisa.

"Maji yangu?"

"Hapana, mzee. Yako nilimwaga. Haya ni ukungu wa Chyulu."

Akamimina kwenye kikombe, akaonja, akatema jani.

"Yananuka turubai." Akanywa tena, akamaliza. Kisha akamwambia Ndunge, "Mwanangu, hizi jerikeni mrudi nazo. Desemba mtazihitaji. Na umwambie mume wako asimwage."

Nilichojifunza, wakuu: beba maji, hata mlima uwe kijani kama bustani ya spinachi. Na ukiahidi jambo sokoni, lifanye.

Sasa semeni nyinyi. Nani mwingine humu amelala Chyulu, na alikunywa nini?