Kidari cha Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo baba mkwe wangu alinipa kidari chake mbele ya wanaume wa ukoo. Keti, Neema. Sogeza hicho kigoda. Nimekuita kwa sababu ya baba yako, na nitafika kwake, lakini usinikimbize. Pumzi yangu siku hizi ni fupi, na nikiruka jambo hapa katikati utaniambia "sawa bibi" kama kawaida yako, halafu uende zako.

Hapa Sekei mjini mnanunua nyama buchani siku yoyote mnayotaka. Wakati wa Mwingereza, kule kwetu juu ya Tengeru, nyama ilikuwa ya Jumapili, tena si kila Jumapili, na ya siku ya kuchinja. Siku ya kuchinja kila mtu alikuwa na fungu lake. Katika ukoo wetu kidari kilikuwa cha mwenye boma, na mwanamke hakukila hata kama amelala na njaa. Hivyo ndivyo tulivyokuta mambo, nasi hatukuuliza.

Mwenye boma alikuwa Mzee Anaeli, baba wa babu yako. Mtu mrefu, mpole, mwenye kahawa nzuri kuliko majirani zake. Ujanani alikuwa mpishi kwa mlowezi mmoja wa Kizungu, akarudi nyumbani na tabia mbili: kiko na chai. Chai yake ilikuwa mtihani wetu sisi wake wa wanawe. Ilibidi uiepue ikiwa bado inachemka, uimimine kwenye kikombe chake cha bati, uvuke nacho uwanja mbio mbio. Akiiweka mdomoni asikunje uso, anakuita urudi. "Mama, hii umemletea mtoto?" Wanaume wenzake walicheka, maana nao walikuwa wakishindana nani ataimaliza kwanza. Mimi nilikuwa na miguu myepesi, akawa ananisifu kwa watu.

Basi nilipokuwa na mimba ya baba yako, mzee akaanza kunipa nyama yake. Nilikuwa napeleka sahani, naugeuza uso wangu upande, naondoka, kwa sababu kwetu mke wa mwana hakumtazama baba mkwe akila. Ilikuwa heshima kubwa hiyo. Nikirudi kuchukua sahani nakuta nyama ipo palepale, ndizi zimeliwa. "Ipeleke kwako," alisema. "Ale mtoto."

Nilifurahi, Neema. Nilikuwa msichana aliyetoka shule ya misheni juzi tu, nimetupwa kwenye boma la watu nisiowajua, na mwenye boma ananipenda kuliko wote. Mama Elia, mke wa kaka mkubwa wa babu yako, alininunia. Alikuwa na watoto wengi na hakuwahi kupewa hata mfupa. Tukafika mahali hatusalimiani mtoni. Boma zima likasema mzee amechagua, na shamba la juu litakuwa la yule aliye tumboni. Hata babu yako alianza kutembea kifua mbele.

Baadaye mzee akawa anarudisha na ndizi. Akataka mtori tu, ule mchuzi wa ndizi za kupondwa, tena mwepesi. Na chai akaitaka ya moto zaidi, akisema inamfungua koo. Nikaongeza mbio.

Asubuhi moja nilimpelekea chai hiyo kwenye vichanja vya kahawa. Alikuwa ameketi akinipa ubavu, nami nilitokea migombani, hakusikia nyayo. Alikuwa na kipande cha ndizi mdomoni. Akainamisha kichwa, akajigonga kifuani kwa ngumi, akanyoosha shingo, machozi yakamtoka. Kisha akakitema kwenye jani la mgomba na kulikunja jani vizuri, akalifukia kwa mguu. Palikuwa na udongo uliofukuliwafukuliwa pale chini, nikajua hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Akageuka akaniona. Kisha akauliza, "Umeona nini?"

"Shikamoo baba," nilisema.

"Mke wa mwana hamtazami baba mkwe akila. Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona, baba."

"Haya. Weka chai."

Nilirudi kwa kupitia migombani. Nyama yote ile niliyokula nikijisifu! Hakuwa akinipenda zaidi ya wengine. Alikuwa akitafuta mahali pa kuipeleka ili isionekane imemshinda, na mjamzito ndiye mtu ambaye hakuna anayemshangaa akipewa chakula.

Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Akasema mzee ana uchovu, na kwamba maneno ya koo la baba mkwe si maneno ya kutoka mdomoni mwangu. Lakini ndizi aliyokuwa nayo aliimenya mpaka akaikata katikati. Nadhani naye alijua, mwanangu, na nadhani aliogopa kwamba jambo likitajwa litakuwa kweli. Wengine walishaanza kunong'ona juu ya jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba, kwamba amemtupia mzee uchawi. Mzee akakonda, shati likawa linamning'inia, watu wakasema ni uzee.

Halafu mama Elia akabatiza mtoto wake wa mwisho. Mchungaji alikuja, ukoo wote ukaja, akachinjwa dume. Wanaume walikaa upande wa juu wa uwanja, sisi upande wa jikoni. Kidari kikachomwa, kikawekwa kwenye jani mbele ya Mzee Anaeli. Akakitazama kwa muda. Akamwita mwanawe mkubwa, baba Elia, akamwambia, "Mpelekee yule mwenye mimba."

Kidari, Neema. Kwa mwanamke. Kwenye ubatizo wa mtoto wa mama Elia. Baba Elia alisimama na lile jani mikononi asijue aende wapi. Mama Elia akatupa upawa chini akasema kwa sauti, "Sasa mnichinje na mimi, mmalize!" Wanaume wakaanza kunguruma, na mmoja akasema mzee amerogwa na huyo msichana. Babu yako aliinama, hakunitetea.

Mimi nikasimama. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ulikuwa uchungu tu wa kuitwa mchawi. Nikasema, "Baba hamezi. Nyama haipiti. Imeanza siku nyingi, na sasa hata ndizi haipiti."

Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Mtoto huyu anasema uongo. Nipeni kisu."

Akakata kipande cha kidari akakiweka mdomoni. Akatafuna. Watu wote walimtazama, hata sisi wake wa wanawe, heshima imesahaulika. Akatafuna mpaka nyama ikaisha ladha, akatafuna tena. Mchungaji alishusha macho. Mwishowe mzee akainamisha kichwa, akakitoa kile kipande kwa vidole, akakiweka juu ya jani kwa adabu, akajifuta mdomo.

"Nimechoka," alisema. "Nipelekeni popote mnapotaka."

Mama Elia ndiye aliyekuja akanishika mkono. Alilia kuliko mimi.

Walimshusha mjini kwa lori la kahawa, akiwa amekaa mbele na dereva, nami nyuma na wengine. Daktari wa Kizungu alimpima, na mganga msaidizi, kijana wa Kimachame, akatutafsiria: kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, umekua mpaka umeiziba, si wa kuondoka. Akauliza nyama imemshinda tangu lini. Hakuna aliyejibu ila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naila. Daktari akatikisa kichwa. Akasema ni jambo la kuletwa linapoanza, si linapomaliza. Wakati ule hata angeletwa mapema sijui kama wangeweza kumponya, nisikudanganye. Lakini nafasi ile, hata kama ilikuwa ndogo, tuliipitisha jikoni ikiwa kwenye sahani.

Alikufa kabla ya mvua za vuli kwisha, na baba yako alikuwa amezaliwa tayari. Siku za mwisho alikuwa analamba maziwa kwa kijiko, na alikataa mtu mwingine amlishe. Alinitaka mimi. Siku moja nikageuza uso, kwa mazoea, naye akanigusa mkono akasema kwa sauti iliyobaki, "Nitazame. Na huyu mtoto akikua, mtazame akila. Msiwe mnapeana heshima mpaka mnazikana."

Hivyo ndivyo alivyonikemea, na sijakemewa tena vikali kuliko hapo.

Sasa nisikilize, ingawa najua una simu hapo mkononi. Siku hizi hospitali wanajua mengi. Nesi wa kliniki yangu ya presha alinieleza nilipomuuliza: chai au uji wa kuunguza, ukinywewa hivyo miaka na miaka, unaongeza hatari ya saratani ya hiyo njia ya chakula. Tumbaku inaongeza, na pombe inaongeza, na vikikutana ni vibaya zaidi. Si kwamba kila anayekunywa ataugua. Kama ni chai iliyomuua baba mkwe wangu au ni kiko, hakuna atakayeniambia leo, na mbio zangu zile uwanjani nimeshaziombea dua za kutosha. Ila iacheni ipoe. Inawagharimu nini? Nimesema hivi kwa wanangu, kwa kwaya, kwa kina mama wa jumuiya, nao wananicheka kwamba bibi anakunywa chai ya paka. Nimechoka kusema, mwanangu. Lakini nimechoka zaidi kwenda kuzika watu waliokuwa wakisema wataenda hospitali wiki ijayo.

Na wewe usijifanye haikuhusu. Kile kipimo cha mlango wa kizazi, ulichoniambia foleni ni ndefu, kakae kwenye foleni. Kinaona kitu kabla hakijawa ugonjwa, ndiyo maana wanakupima ukiwa mzima. Ukiona titi lako limebadilika, uvimbe au ngozi kuvutwa, usilifunike na kanga ukingoja liume. Mama Elia alifunika. Nilimpenda sana yule mwanamke, mwishoni.

Nimefika kwa baba yako.

Jumapili iliyopita mlipotoka kanisani tulikula hapa wote. Wewe uliongea sana na watu walicheka, nami nilikuwa kimya, ukadhani nasinzia. Sikuwa nasinzia. Nilikuwa namtazama baba yako akila. Aliivunja ndizi vipande vidogo, akawa anasukuma kila kipande kwa chai. Chai yenyewe ilikuwa inafuka moshi, mkaidi yule. Kisha akachukua nyama yake yote akaiweka kwenye sahani yako. "Kula, mama," alikwambia. "Wewe ndiye unafanya kazi." Ukamkumbatia. Uliposimama niliangalia mkanda wake, ametoboa tundu jipya.

Nilimuuliza baadaye tukiwa wawili. Akasema, "Mama, ni meno tu." Mtu mzima ana wajukuu, ananidanganya mimi niliyembeba nikiila nyama ile.

Usilie. Kulia hakumpeleki popote. Huenda ni meno kweli, au vidonda vya tumbo, na nitafurahi mnicheke mwaka mzima. Lakini wana kamera sasa, mpira mwembamba unaopita kooni ukaona kila kitu, na wana dawa ambazo Mzee Anaeli hakuzipata. Kesho asubuhi usiende kazini, mpeleke hospitali. Atasema ana kikao, atasema ana shamba, atakasirika na kukuita mtoto mdogo. Mwambie bibi amesema. Akikataa bado, mkatie kipande cha nyama umwombe akimeze mbele yako, kisha ukae umtazame mpaka mwisho. Usigeuze uso.

Nami nitawangoja hapa. Nenda, mwanangu, na Mungu awatangulie kwenye safari hiyo ya kesho. Akupe macho ya kuwatazama watu wako na mdomo usioogopa kusema ulichokiona. Akupe uzee kama huu wangu, ila usiochoka hivi, na meza ambayo kila mtu anakula fungu lake mwenyewe.